Hatulipi kodi ya mapato. Unafuu wa kodi kwa wanaopunguza matumizi ya umeme utatusaidia nini?

MwekaHazinaKwaBahati

Heshima zenu wakuu.

Mimi si mtu wa umeme. Nilipata uweka hazina wa taasisi yetu kwa sababu siku ya kikao nilichelewa, nikafika kura zimeshapigwa. Huu ni mwaka wa tatu, na kinachoninyima usingizi si mishahara tena. Ni bili ya umeme.

Taasisi yetu haigawi faida. Tunafundisha vijana useremala na ushonaji. Tuna karakana yenye mashine za mbao, feni kubwa ya kunyonya vumbi, na kompresa ya upepo kwa ajili ya kupaka rangi na kupigia misumari. Kuna madarasa mawili ya vyerehani, ofisi yenye kompyuta tisa, na ukumbi. Jengo tumepanga, mkataba umebakiza miaka minne.

Wanafunzi hawajaongezeka tangu mwaka juzi na mashine ni zilezile, lakini uniti zinapanda. Sisemi bei, nasema uniti zenyewe. Nimechukua bili za miezi 24 nikazichora kwenye karatasi ya miraba: mstari unapanda kama ngazi, mahali pengine unaruka ghafla, mahali pengine unajivuta polepole.

Kila mtu ana dawa yake. Mwenyekiti anataka sola juu ya paa, na anaitaka upande unaoonekana barabarani. Kuna mfadhili yuko tayari kutoa fedha, ila kwa kitu atakachoweza kukibandikia kibao chenye jina lake. Kuna kijana alikuja na kiboksi chenye taa ya kijani, unakichomeka kwenye soketi tu, akaapa kinashusha bili kwa theluthi. Alituachia kimoja cha majaribio. Kipo ofisini mpaka leo, kinawaka kijani chake, sijaona kingine.

Halafu mjumbe mmoja wa bodi, mwenye kiwanda chake, anatuambia tunalala: yeye alibadilisha mota na taa, akapunguziwa kodi ya mapato. Hongera kwake. Sisi hatulipi kodi ya mapato. Unampunguziaje mtu kitu ambacho hadaiwi?

Naomba mwenye uzoefu aniambie tuanzie wapi, na kama hizi motisha zina mlango wowote wa watu kama sisi. Na je, kuna akili gani katika kuwekeza kwenye jengo la mtu mwingine?

---

FundiKoili

Mkuu, pole na kiti cha moto. Sola weka pembeni kwanza, mfadhili naye mweke pembeni. Kiboksi chomoa kabisa, nitakirudia.

Kabla hujanunua hata balbu moja nataka namba mbili. Leo jioni mtu wa mwisho akishatoka, nenda kwenye mita uandike inasoma ngapi na saa ngapi. Kesho asubuhi kabla mtu hajagusa swichi, soma tena. Toa ya jana, gawanya kwa saa zilizopita. Utapata kilowati ambazo jengo linakula likiwa limelala. Nimekagua matumizi ya umeme kwa miaka 11, viwandani, mashuleni, misikitini na makanisani, na sijakutana na mwenye jengo aliyeikisia namba hiyo sawasawa. Wote hukisia chini.

Usimwambie mtu kwamba unapima. Ukitangaza, siku hiyo watu watazima vitu ili wakufurahishe, na namba itakudanganya.

Nasisitiza usiku kwa sababu mchana kila uniti ina kisingizio: mashine ilikuwa inafanya kazi. Usiku hakuna kisingizio. Na usiku ni mrefu kuliko mnavyodhani. Wiki ina saa 168. Mkifungua saa 11 kwa siku, siku tano, ni saa 55. Saa 113 zilizobaki jengo liko peke yake na mita.

Kingine, ile karatasi yako ya ngazi ni mali. Kila mahali mstari uliporuka, kaa na watu wa zamani mkumbuke mwezi ule kuliingia kitu gani. Panapojivuta polepole pananipa wasiwasi zaidi, maana kifaa kipya huruka, kitu kinachoharibika hutambaa.

---

Mjuba_wa_Soketi

Fundi usimkatishe tamaa mwenzako kuhusu kiboksi. Mimi ninacho mwaka wa pili. Nilipima na klampu mita (kile kipimo cha kubana waya kinachosoma ampea), kabla na baada, ampea zilishuka kwa macho yangu mwenyewe. Au klampu nayo inadanganya?

---

FundiKoili

Klampu haidanganyi, umeisoma vizuri. Ndani ya hicho kiboksi mara nyingi kuna kapasita ndogo na taa. Mota inahitaji mkondo wa kutengeneza sumaku yake. Mkondo huo unakuja na kurudi, unakuja na kurudi, makumi ya mara kwa sekunde, bila kufanya kazi yoyote. Kapasita inaikopesha mota mkondo huo hapohapo, kwa hiyo zile ampea hazitembei tena kutoka kwenye mita. Ndiyo maana klampu ilishuka.

Lakini mita ya uniti haihesabu ampea. Inahesabu kilowati kwa saa, yaani kazi iliyofanyika. Kile kilichokuja na kurudi haikukuandikia tangu mwanzo. Umeondoa kitu ambacho ulikuwa hukilipii. Linganisha uniti za miezi ile, si ampea, halafu urudi hapa.

Ila ngoja, nisije nikaonekana naipiga vita kapasita. Kwa mteja mkubwa anayetozwa kwa kVA za kilele (mzigo wote anaovuta, pamoja na ule wa kuja na kurudi, unapokuwa mkubwa kuliko wakati wowote), au anayepigwa faini kwa pawa fakta ya chini (sehemu ndogo tu ya mzigo huo ndiyo inayofanya kazi), benki ya kapasita iliyopimwa na kufungwa na mtu anayejua inaweza kurudisha gharama yake haraka sana. Hazina, angalia bili yako: kuna mstari wa kVA, au wa pawa fakta? Kama upo, tuongee. Kama haupo, mrudishie kijana wa watu mali yake.

---

Mizania

Salaam. Mimi ni mhasibu, nimefunga vitabu vya taasisi za kutoa huduma kwa muda mrefu, nijibu upande wa motisha.

Swali lako kuhusu kodi ni zuri kuliko unavyofikiri, maana hata watunga sheria limewasumbua. Chukua Marekani. Kule kuna kifungu kinaitwa 179D, kilikuja na sheria ya nishati ya mwaka 2005: mwenye jengo la biashara akipunguza matumizi ya taa, viyoyozi, maji moto au akaboresha kuta na paa, anakata sehemu ya gharama kwenye mapato yanayotozwa kodi. Taasisi isiyolipa kodi ilikuwa inaangalia tu dirishani. Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, taasisi hizo zikaruhusiwa kumhamishia haki hiyo msanifu aliyechora kazi. Yeye analipa kodi, kwa hiyo kwake ina thamani, na ninyi mnakaa naye mezani kabla ya kusaini ili ada yake ishuke. Sheria hiyohiyo ikaweka njia nyingine kwa sola na mitambo kama hiyo: taasisi isiyodaiwa kodi inajaza fomu, na ule unafuu inalipwa kama fedha.

Halafu sikiliza lililofuata. Julai 2025 ikapita sheria nyingine, 179D ikakatishwa kwa majengo ambayo ujenzi wake utaanza baada ya Juni 30, 2026. Aliyekuwa amepanga bajeti yake kwa kuegemea kifungu hicho akabaki na mchoro mkononi. Kwa hiyo popote ulipo, ukisikia motisha, uliza mambo mawili kabla ya yote: ni ya mlipa kodi au ya yeyote? Na inakufa lini?

Kwa watu kama ninyi milango ya kweli kwa kawaida si ya kodi. Ni ruzuku ya moja kwa moja, au marejesho ya sehemu ya gharama ya kifaa kutoka serikalini au kwa shirika la umeme, au mkopo wa riba nafuu unaolipwa polepole kupitia bili yenyewe. Hapo kwenye marejesho ndipo nimeona watu wanalia. Mipango mingi inataka kibali kabla ya kununua. Tarehe ya ankara ikitangulia tarehe ya barua ya kibali, umejinyima mwenyewe. Pili, kuna orodha ya modeli zinazokubalika. Namba ya modeli ikitofautiana herufi moja na ile ya kwenye orodha, basi. Tatu, usitupe vifaa vya zamani. Vipige picha vikiwa bado vimefungwa ukutani, kibandiko cha wati kisomeke, na uvitunze mpaka mkaguzi apite. Nimewahi kuhudumia taasisi iliyobadilisha taa zaidi ya mia mbili kwa nguvu za kujitolea, Jumamosi moja, kazi safi kabisa, za zamani wakazitupa siku hiyohiyo. Fomu ilipokuja kuuliza "kulikuwa na nini kabla", hawakuwa na hata picha moja.

Kama mna majirani wa aina yenu, nunueni pamoja. India walilifanya hilo kitaifa kuanzia 2015 kwenye mpango wa UJALA. Taa za LED zilinunuliwa kwa mamilioni kwa zabuni za pamoja na bei ya jumla ya taa ikaporomoka. Taasisi sita zenye oda moja hazifikii huko, lakini muuzaji anakaa wima.

Kuhusu jengo la kupanga: vinavyobebeka (kompresa, taa, friji, mota) ni vyenu, mkihama mnahama navyo. Paa, dari, madirisha ni vya mwenye nyumba, na tatizo la siku zote ni kwamba yeye ndiye anayetoa fedha na ninyi ndio mnaopungukiwa bili, kwa hiyo hana haraka. Msiende kumwomba. Mpelekeeni pendekezo: ama yeye agharamie na kodi ya pango ipande kwa kiasi kidogo kuliko mtakachookoa, ama ninyi mgharamie na mkataba urefushwe. Na kitu chochote ambacho hakirudishi fedha yake ndani ya hiyo miaka minne, kwenu hakipo, hata kiwe kizuri namna gani.

---

MwekaHazinaKwaBahati

Wakuu, nimerudi. Naombeni mnisomee hii mpaka mwisho kwa sababu sijapata wa kumsimulia nyumbani.

Jumanne saa 12:10 jioni mita ilisoma 48,316. Jumatano saa 1:05 asubuhi ikasoma 48,354. Uniti 38. Nikagawanya kwa saa 13 nikapata karibu kilowati 3. Nilikuwa nimejikisia nusu kilowati, tena kwa kujihurumia.

Fundi aliniandikia pembeni kwamba kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na yameandikwa mapigo mangapi ni uniti moja. Yetu ni 1,000. Jumatano usiku nikarudi na tochi na daftari. Mzee wetu mlinzi akaniletea kiti, akasimama nyuma yangu kama shahidi. Dakika ya kwanza nikahesabu mapigo 36. Ya pili, 36. Ya tatu nikiwa kwenye 20 hivi, taa ikapagawa, ikawa inapepesa mpaka siwezi kuhesabu. Wakati huohuo tukasikia kule karakana: *tutututu*. Karakana imefungwa na kufuli. Mzee akaniambia taratibu, "Huyo huwa anawaka usiku kucha, mwanangu. Nilidhani mnajua."

Ni kompresa. Ilikuwa inawaka dakika moja na nusu, inazima dakika sita na nusu, inawaka tena. Hakuna mtu anayepaka rangi saa 4 usiku. Tulifungua, hatukuwasha taa, tukasimama gizani tukisikiliza. Mchana huwezi kusikia kwa kelele za mashine, lakini usiku chumba kizima kinanong'ona: ssss kutoka nyuma ya meza ya kwanza, ssss nyingine juu kwenye kona. Asubuhi tulipita na povu la sabuni. Sehemu saba. Kapla mbili (viungio vya mipira ya upepo) zimechoka, mpira mmoja ulikuwa umefungwa kwa tyubu ya baiskeli, na kubwa kuliko zote ni kile kibomba cha kutolea maji chini ya tangi. Mtu aliambiwa akifungue atoe maji, akakifungua, akakirudisha nusu. Lini? Hakuna anayekumbuka. Mstari wangu unaojivuta polepole nadhani umeanzia hapo.

Tukaendelea na breka moja moja. Tulipozima taa za nje, mapigo yakashuka kutoka 36 hadi 16. Ni taa nne za halojeni za wati 300 kila moja, tulifunga baada ya kuibiwa. Kwenye karatasi yangu ni ngazi ya kwanza kabisa! Kompyuta tisa zilikuwa macho zote, vioo tu ndivyo vyeusi. Tulipozizima yakabaki 9. Hayo tisa ni friji mbili, hita ya maji na modemu. Friji moja tulipewa msaada mwaka jana (ngazi ya pili). Nilibana karatasi kwenye mlango wake nikaivuta, ikatoka kama inateleza kwenye mafuta. Mpira wa mlango umekufa. Ndani kulikuwa na chupa mbili za maji na gundi ya mbao.

Tulichofanya: breka ya kompresa inazimwa na mwalimu wa zamu akiwa wa mwisho kutoka, na mifereji ya upepo inafungwa kwenye tangi. Kompyuta zinazimwa kweli. Hita tumeiwekea taima. Friji ya gundi tumeichomoa. Jana usiku: uniti 19. Nusu ya zile za mwanzo, na tulichonunua ni taima, kapla mbili na kipande cha mpira.

Mstari wa kVA kwenye bili yetu hakuna. Kiboksi nimekirudisha.

---

FundiKoili

Mlinzi wako apewe barua ya shukrani. Mahali pengi ninapokwenda, anayejua tatizo ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Tuisome hiyo kompresa. Dakika 1.5 kati ya 8 ni karibu asilimia 19. Maana yake karibu moja ya tano ya uwezo wa mashine ilikuwa inavujia hewani. Usione aibu, karakana nyingi zinapoteza asilimia 20 hadi 30 hivihivi. Upepo wa kompresa ni nishati ghali kuliko zote mtakazotumia hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kuwa joto kwenye kichwa cha mashine. Kwa hiyo wanafunzi wasiutumie kufagilia meza. Na angalia presha: kama bunduki ya rangi na mashine za misumari zinatosheka na ya chini, ishushe kidogo kidogo mpaka fundi alalamike, halafu irudishe hatua moja. Presha ikishuka, hata matundu yaliyobaki yanavuja kidogo.

Sasa taa za nje. Halojeni ya wati 300 badala yake ni LED ya wati 50 hivi kwa mwanga uleule. Nne ni wati 200 badala ya 1,200. Kilowati moja kwa saa 13 ni uniti 13, kwa hiyo zile 19 zinakuwa 6. Hapa ndipo sasa unaweza kwenda kwa kina Mizania na fomu ya ruzuku: una kifaa cha zamani kiko ukutani, una wati zake, una saa zake, una mita kabla. Usinunue leo! Piga picha kwanza.

Ndani, taa zenu ni zile tyubu ndefu zenye choki na stata? Kama ndiyo, tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake ya sumaku inakula kama 45. LED ya urefu ule ni 18. Mwambie fundi wako aitoe choki kwenye sakiti au anunue tyubu inayokubaliana nayo, asichanganye. Na kila fremu iliyobadilishwa waya ibandikwe karatasi inayosema hivyo, ili mtu asije akarudishia ya zamani. Msijaze stoo akiba ya tyubu za zamani pia. Chini ya Mkataba wa Minamata wa zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za floresenti ikome ifikapo 2027.

Feni ya vumbi ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu feni ina tabia ambayo watu hawaiamini mpaka waione. Ukipunguza kasi yake hadi asilimia 80, haili asilimia 80 ya umeme. Inakula kama asilimia 51, kwa kuwa nguvu inafuata kasi mara tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8. Kidhibiti kasi kwenye mota ya feni kinalipa kuliko kwenye mashine nyingine yoyote hapo. LAKINI, na hii usiipite haraka: vumbi la mbao linahitaji upepo wa mita 20 hivi kwa sekunde ndani ya bomba, vinginevyo linatua njiani, linarundikana, na rundo la vumbi kavu karibu na cheche si mzaha. Kwa hiyo mnaanza na milango ya kufunga matawi ya mashine zisizotumika, mnapima kasi ya upepo, ndipo mnagusa kasi ya feni. Mtu akikufungia kidhibiti bila kupima upepo, mfukuze.

Mota ikiungua, usiikimbize kwenye koili tu kwa mazoea (najisema mwenyewe, jina langu hili hapa). Kusuka upya ovyo kunaipunguzia ufanisi, na mota inayofanya kazi saa nyingi, umeme inaokula unaipita bei yake ya dukani mara nyingi. Tafuta iliyoandikwa IE3 (daraja la ufanisi wa mota) au zaidi kwenye kibati.

Sola? Fikiria mngeifunga mwezi uliopita kwa hesabu ya bili ya zamani. Mngenunua paneli, na betri za usiku, ili kulisha kibomba kilichoachwa nusu wazi na friji ya gundi.

---

Mjuba_wa_Soketi

Nimelinganisha uniti za miezi. Fundi, sina la kusema. Nauza kiboksi, bei maelewano.

(Natania.)

---

Kirungu

Mimi nina biashara ya kufua nguo, nimefuata uzi huu kimya. Kuna kampuni imenijia, inasema haitaki senti yangu: wao wanafunga kila kitu, mimi nawalipa sehemu ya kile nitakachookoa kwa miaka saba. Hii nayo ni kiboksi kingine au ni kweli?

---

Mizania

Ni kweli, na kwa asiye na mtaji ni njia nzuri. Hatari yake iko kwenye neno "nitakachookoa". Akiba haipimwi na mita yoyote, inakokotolewa: kile ambacho ungetumia, toa ulichotumia. Sasa nani anasema ungetumia ngapi?

Nitakupa kisa. Taasisi moja niliyokuwa nafunga vitabu vyake, yenye bweni, ilisaini mkataba wa namna hiyo. Msingi wa kulinganisha ukachukuliwa mwaka ambao bweni limejaa. Mwaka wa pili bweni likafungwa kwa matengenezo marefu. Umeme ukashuka, ungeachaje kushuka, na kampuni ikaleta madai ya sehemu yake kwa akiba yote, pamoja na ya vitanda vitupu. Mkataba haukuwa na kifungu cha kurekebisha msingi. Walilipa. Mimi ndiye niliyeandika hundi, mkono unauma mpaka leo.

Kwa hiyo mkataba useme wazi: msingi unarekebishwa kwa nini, kwa fomula gani, na nani wa tatu anaamua mkibishana. Kwako wewe kipimo kiwe uniti kwa kilo ya nguo zilizofuliwa, si uniti kwa mwezi, maana mwezi wa kazi chache utakutoza kwa kukosa wateja. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kupima na kuthibitisha akiba, unaitwa IPMVP. Kampuni ikisema haijawahi kuusikia, hapo umeshapata jibu lako. Na kabla ya kuwaita, fanya alichofanya Hazina: zile akiba za bure zichukue mwenyewe kwanza, msingi upimwe baada yake. Usiwagawie miaka saba kwa kazi ya kuzima swichi.

---

MwekaHazinaKwaBahati

Mrejesho wa mwisho, kikao kilikuwa jana.

Niliingia na karatasi ya miraba, namba mbili za mita na ile kapla iliyochoka kwenye mfuko wa plastiki. Mwenyekiti aliishika kapla muda mrefu. Sola imesogezwa mbele mpaka tupate bili sita mpya. Ombi la marejesho ya taa linaandikwa, picha zimeshapigwa, modeli tumeitoa kwenye orodha yao herufi kwa herufi. Mwenye nyumba amekubali tuzungumze kuhusu dari, ila yeye anataka mkataba wa miaka minane na sisi tunataka sita, hapo bado.

Mfadhili ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimweleza fedha yake itabadilisha mifereji ya upepo, itaweka milango ya mabomba ya vumbi na kidhibiti cha feni. Akauliza vitaonekana wapi. Nikamwambia ukweli kwamba havitaonekana. Akafikiri, akasema sawa, lakini kibao chake anakitaka palepale, na amechagua kibandikwe ukutani kwenye chumba cha kompresa. Ni kikubwa, kama meza ya shule.

---

FundiKoili

Ukuta upi? Kama ni ule wenye matundu ya hewa, mwambie akisogeze. Kompresa ikivuta hewa ya moto inakula zaidi.